Kawaida Si Asili: Risasi, Damu Zetu na Mwanakemia Clair Patterson



Nitaanza nyuma ya jiko la mjomba wangu. Alikuwa mvuvi wa nyavu, na kila kusi ilipokaribia kwisha alitengeneza chubwi mpya. Betri ya gari iliyokufa aliipasua kwa shoka, tindikali akaimwaga mchangani, kisha akatoa mabamba ya kijivu na kuyatia ndani ya sufuria juu ya mafiga. Sisi watoto tulipepea moto. Risasi haina haja ya tanuri. Ikifika nyuzi 327 tu inageuka maji yanayong'aa kama kioo. Mjomba aliimimina katika vishimo alivyovitoboa mchangani kwa ncha ya kijiti, na sisi tukagombania matone yaliyoruka pembeni. Tuliyachezea kama gololi, na wadogo wetu waliyatia mdomoni. Jioni sufuria ilisuguliwa kwa mchanga, na siku nyingine niliiona imeinjikwa mihogo.

Hakuna aliyeona kosa. Nyumba zote za wavuvi zilifanya hivyo, na aliyetufundisha alikuwa amefundishwa na baba yake. Ilikuwa kawaida. Wahenga walisema kawaida ni kama sheria, na mtu ninayetaka kuwasimulia leo aliitumia nusu ya maisha yake kuipinga sheria hiyo, kwa mizani, kwa asidi na kwa vipande vya barafu.

Jina lake ni Clair Patterson. Alizaliwa mwaka 1922 katika mji mdogo wa Mitchellville, jimbo la Iowa, Marekani. Alisomea kemia, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliajiriwa katika mradi wa bomu la atomiki, ambako alijifunza kutumia spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Vita vilipokwisha alirudi Chuo Kikuu cha Chicago kusomea uzamivu, na msimamizi wake, Harrison Brown, akampa kazi ambayo kwa maneno ilionekana nyepesi: pima risasi iliyomo ndani ya kimondo, nasi tutajua umri wa dunia.

Niwaeleze hesabu yenyewe, maana ni nzuri. Urani huoza polepole, na mwisho wa kuoza kwake ni risasi. Urani yenye uzito wa 238 huishia kuwa risasi yenye uzito wa 206, na nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka. Urani ya 235 huishia kuwa risasi ya 207, nayo hugeuka kwa haraka zaidi. Kuna risasi ya tatu, ya 204, isiyotokana na kuoza kwa kitu chochote. Ilikuwapo tangu mwanzo na kiasi chake hakiongezeki. Ukijua uwiano wa risasi hizi ulivyokuwa jua na sayari zilipoumbika, kisha ukaupima ulivyo leo, umeshaipata saa. Uwiano wa mwanzo umehifadhiwa ndani ya vimondo vya chuma, vya namna ya kile kilicholala Mbozi kusini mwa Tanzania, kwa sababu ndani yake mna vijipande vya madini ya chuma na salfa vyenye risasi na karibu bila urani yoyote.

Patterson alianza kupima, na majibu yakamkataa. Risasi aliyoipata ilikuwa nyingi mno kuliko hesabu ilivyoruhusu. Akarudia, ikatoka nyingine. Mwenzake aliyepima urani katika mawe yaleyale hakupata taabu hiyo. Wengi wetu tuliofundishwa maabara tungefanya linalofanywa kila siku: tungechukua wastani, tungeandika ukubwa wa kosa, tungeendelea. Yeye aliuliza risasi hii ya ziada inatoka wapi.

Ilitoka kila mahali. Ilikuwa katika maji ya bomba na katika asidi za dukani, kwenye vioo na katika rangi ya ukuta. Vumbi la hewani lilikuwa nayo, na nywele zake mwenyewe zilikuwa nayo. Hapo ndipo alipoanza kazi ngumu kama adhabu. Alipohamia Pasadena, California, katika taasisi ya Caltech mwaka 1952, alijenga maabara ambayo hewa yake ilichujwa kabla ya kuingia. Asidi alizisafisha mwenyewe upya. Vyombo vilioshwa, vikachemshwa katika asidi, vikaoshwa tena. Aliyeingia alivaa mavazi ya plastiki, akafunika nywele. Leo viwanda vya vifaa vya elektroniki vina vyumba visafi kupita hivyo, lakini wakati ule, kwa kazi ya kupima risasi, hapakuwa na chumba kama kile.

Mwaka 1953 alichukua risasi aliyoitoa katika kimondo cha Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona, akaipeleka kwenye mashine ya maabara ya Argonne karibu na Chicago. Jibu lilitoka: dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55. Alipolichapisha mwaka 1956 aliweka nafasi ya kukosea ya miaka milioni 70 juu au chini. Takriban miaka 70 imepita, mashine zimekuwa bora mara nyingi, na namba ile bado imesimama palepale.

Mtu mwingine angeishi kwa heshima ya namba hiyo mpaka kustaafu. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ya Patterson ilianza baada yake. Alikuwa na kitu ambacho hakuna mwanasayansi mwingine aliyekuwa nacho: mahali safi. Na aliyesimama mahali safi ndiye awezaye kuona uchafu wa nje.

Aliigeukia bahari. Mwaka 1963, pamoja na Mitsunobu Tatsumoto, alionyesha kwamba maji ya juu ya bahari yana risasi nyingi kuliko maji ya kilindini. Ninyi wana wa pwani fikirini maana yake. Maji ya kilindi huchukua karne nyingi kuchanganyika na ya juu. Kama risasi ingekuwa inaingia kwa utaratibu wa asili, kutoka katika miamba kwa njia ya mito, kwa maelfu ya miaka, isingelundikana juu. Iliyoko juu ilikuwa mpya, na ilikuwa imeshuka kutoka angani.

Na angani iliwekwa na nani? Hapa inabidi turudi nyuma. Desemba 1921 mhandisi Thomas Midgley, wa kampuni ya magari ya General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali yenye risasi kikitiwa katika petroli kinazuia injini kugonga. Kemikali hiyo ilipoingia sokoni iliitwa Ethyl, na neno risasi halikuwemo katika jina. Oktoba 1924 wafanyakazi wa mtambo wa Bayway, New Jersey, walioitengeneza, walirukwa na akili, watano walikufa. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akainawa kemikali ile mbele yao kuwahakikishia kuwa haina neno. Biashara iliendelea, na kwa miaka 60 iliyofuata magari yaliyopita barabarani yaliitema risasi kwa bomba la nyuma, katika vumbi laini kiasi cha kuingia ndani kabisa ya mapafu.

Aliyewapa wenye biashara hoja ya kisayansi alikuwa daktari, Robert Kehoe wa Cincinnati. Sitamwita mjinga, na sidhani alikuwa mvivu. Alipima damu na mikojo ya watu kwa miongo, kwa fedha za kampuni zilezile zilizouza risasi. Hoja yake ilikuwa hii: risasi imo katika mwili wa kila mtu, hata asiyefanya kazi nayo, basi ni jambo la asili, mwili umeizoea, na chini ya mikrogramu 80 katika mililita 100 za damu hakuna madhara. Alifika hata Mexico kuwapima wanakijiji walioishi mbali na magari. Aliikuta risasi miilini mwao, akaona amepata ushahidi. Wanakijiji wale walikula katika vyombo vya udongo vilivyopakwa glezi yenye risasi.

Ndugu zangu, naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kehoe hakukosa vipimo. Alikosa mtu wa kulinganisha naye. Alimlinganisha mwenye sumu nyingi na mwenye sumu kidogo, akamwita huyu wa pili mzima. Kijiji kizima kikiwa na kichocho, mtoto anayekojoa damu haitwi mgonjwa; tunajua vijiji ambako wazee walidhani ni dalili ya kubalehe. Ukitafuta afya kwa kuchukua wastani wa wagonjwa, utapata wastani wa ugonjwa.

Patterson alimjibu mwaka 1965 katika makala yenye kurasa nyingi iliyotofautisha risasi ya kawaida na risasi ya asili. Mmarekani wa wakati ule, alisema, ana takriban mikrogramu 20 katika mililita 100 za damu yake. Madaktari waliiona kuwa kawaida, na kweli ilikuwa kawaida. Lakini kwa kukokotoa kiasi cha risasi kilichomo katika miamba, udongo, maji na vyakula kabla ya viwanda, alikadiria kuwa kiwango cha asili kingekuwa mara mia moja chini ya hapo. Taifa zima lilikuwa linaishi na sumu, na hakuna aliyeiona kwa sababu hakuna aliyekuwa nje yake.

Malipo yake yalikuja upesi. Fedha za utafiti alizozipata kutoka kwa wenye mafuta zilikatwa, na mkataba wake na idara ya afya ya serikali haukuendelezwa. Juni 1966 yeye na Kehoe walitoa ushahidi wao mbele ya kamati ya seneta Edmund Muskie, kila mmoja siku yake. Mwaka 1971 Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda jopo la kuchunguza risasi ya hewani, mtu aliyejua habari hiyo kuliko wote nchini hakuitwa.

Alikwenda barafuni. Huko Greenland theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliopita, ikagandamana, ikawa kama kurasa za kitabu. Pamoja na Mjapani Masayo Murozumi na mwenzake Tsaihwa Chow, Patterson alichukua barafu ya miaka mbalimbali, hadi ile iliyoanguka takriban miaka 800 kabla ya Kristo, akaipima kwa usafi wake uleule. Walichapisha mwaka 1969. Risasi ilikuwa imeongezeka karibu mara 200 kufikia miaka ya 1960, na mstari ulipanda kwa ukali baada ya 1940, yaani magari yalipoenea. Juu ya barafu ile hakuna kijiji wala kiwanda. Ilifika kwa upepo.

Kisha akamgeukia jodari. Naipenda kazi hii kuliko zote, labda kwa sababu ya asili yangu. Mwaka 1980, akiwa na msaidizi wake Dorothy Settle, alipima nyama ya jodari mbichi na ya jodari wa makopo. Makopo ya siku zile yaliunganishwa kwa lehemu ya risasi. Maabara ya serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba kiasi cha risasi katika samaki mbichi na wa kopo hakipishani sana. Patterson alikuta kopo limeongeza risasi mara elfu nne hivi. Kosa la maabara ya serikali halikuwa katika samaki wa kopo. Lilikuwa katika yule mbichi: visu vyao, meza zao na hewa yao vilimpaka risasi kabla hajapimwa, wakakosea kwa mara elfu moja na zaidi. Wanafunzi wa kemia mliomo humu, hii ndiyo habari ninayotaka muondoke nayo. Kabla hujaamini namba uliyoipata kwa mgonjwa, pima chombo kitupu.

Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli miaka ya 1970. Wastani wa risasi katika damu za Wamarekani ulikuwa mikrogramu 12.8 kati ya 1976 na 1980. Kufikia 1991 ulikuwa umeshuka hadi 2.8. Damu za mamilioni ya watu zilisafishika, hasa kwa kuondoa kitu kimoja katika petroli. Patterson alifariki tarehe 5 Desemba 1995. Marufuku kamili ya petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani ilianza nchini mwake tarehe 1 Januari 1996. Alikosa kuiona kwa siku 27.

Sisi tuliendelea kuivuta miaka kumi zaidi. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakakubaliana kuikomesha, na Januari 2006 ikakoma. Petroli iliyopita Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo haikuwa tena na risasi. Agosti 2021, pale Nairobi, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba nchi ya mwisho duniani, Algeria, nayo imeacha. Karne moja ilikuwa imepita tangu jaribio la Midgley.

Lakini risasi haiozi kama jani. Iliyoanguka kando ya barabara ingali udongoni. Na ilipoondoka katika petroli haikuondoka katika maisha yetu, ilihamia kwingine. Takriban asilimia 85 ya risasi itumikayo duniani leo inakwenda kwenye betri, za magari na za sola zinazotuwashia taa vijijini. Betri ikifa, inachukuliwa na mwenye skrepa, na kutoka hapo njia ni mbili: mtambo wenye vichujio, au sufuria ya mjomba.

Kuna na njia ya tatu, iliyo mbaya kupita zote mbili, nayo ni sufuria ya mjomba iliyokuzwa ikaitwa kiwanda. Hapa Mombasa tunaijua kwa jina la Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za mtaa wenye watu wapatao elfu tatu. Moshi uliwaingia, maji yenye asidi yalipita mbele ya milango, mabati yakaliwa yakatoboka. Bi Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo. Mwanawe mchanga aliugua, akatibiwa kwa hili na lile, hadi kipimo kikaonyesha risasi. Mtoto hakuwahi kushika betri. Aliipata katika maziwa ya mama yake.

Mwili hauitambui risasi kuwa adui. Unaidhania kalisi, ukaiweka akiba katika mifupa kwa miongo ya miaka. Na mwanamke anapobeba mimba au kunyonyesha, mifupa inatoa kalisi yake kumpa mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano kuliko mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na akiwa na njaa au upungufu wa chuma hufyonza zaidi. Inakwenda kwenye ubongo unaojengwa. Mara nyingi haimlazi kitandani. Inampunguzia uwezo wa kusoma na wa kutulia, na sisi walimu tunamwita mzito, tunamchapa.

Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Katika miaka yote hiyo dai lililorudi ni lile linalofuata hoja ya Kehoe: thibitisheni kwanza kwamba mmedhurika. Patterson angeuliza swali: nani alithibitisha kwamba ni salama kabla ya kuwasha tanuri?

Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi watoto milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi katika mililita 100 za damu, na wengi wao wako katika nchi kama zetu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kumbukeni Kehoe alisema 80.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka. Kipimo cha risasi katika damu kiwe kipimo ambacho mama anaweza kukiomba hospitalini na akakipata, hasa anayeishi karibu na karakana za betri au dampo la skrepa. Tunapima malaria kwa tone la damu. Na risasi hupimwa kwa tone la damu.

La pili ni kwa ninyi mnaoishi kama tulivyoishi kwetu. Wanja usioujua umetoka wapi, hasa ule wa jiwe unaoletwa kutoka ng'ambo, usimpake mtoto, maana aina fulani za wanja ni risasi iliyosagwa. Fundi betri, vua nguo za kazi na uoge kabla hujambeba mwanao. Na wewe mvuvi, nunua chubwi zilizokwisha kutengenezwa, au funga mawe kama walivyofunga mababu. Ukiwa huna budi kuyeyusha risasi, iyeyushe mbali na nyumba, upepo ukikupiga mgongoni, bila mtoto karibu, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena.